Hela ya Kwanza Huwa Wanakulipa Kweli

Wadau, msicheke kwanza. Dada mmoja wa Mbagala Rangi Tatu, ana saluni yake ya kusuka, mtu mwenye heshima zake na mweka hazina wa kikoba cha mtaani, kapigwa laki tatu mtandaoni. Laki tatu zenyewe siyo habari. Habari ni kwamba alishaingiza wenzake kumi na mmoja wa kikoba.

Ilianza Januari, ule mwezi wa ada na sare za shule. Shoga yake waliyesoma wote akamtumia linki WhatsApp: unaweka elfu hamsini, kila siku unatazama matangazo ya filamu, unabonyeza, unalipwa. Akaweka. Baada ya siku chache akatoa elfu kumi na mbili, na ikaingia kwenye simu. Meseji anayo mpaka leo.

Hapo ndipo watu wanapokosea wakisema waliopigwa ni wajinga. Yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anataka akumalize siku hiyohiyo. Huyu wa sasa anakulipa kwanza, tena kwa wakati, ili wewe mwenyewe uwe tangazo lake. Mama wa vitumbua hakuiamini kampuni. Alimwamini dada anayemtunzia hela za kikoba miaka yote bila kupungua hata mia.

Na mastaa nao wamo. Kuna mmoja wa Bongo Muvi, jina kapuni, aliposti amevaa fulana yenye nembo yao. Dada akapiga skrinshoti, akaitupia kwenye grupu, ubishi ukaisha. Leo ile posti haipo na staa anaposti wigi. Afadhali huyo alikuwa yeye kweli, maana zipo kurasa feki kibao zinazogawa "mikopo" kwa jina la Mo Dewji na mwenyewe wala hahusiki.

Sasa ile elfu kumi na mbili ilitoka wapi? Wenye chaneli za YouTube wanajua, video ikitazamwa mara elfu hapa Bongo, hela yake mara nyingi haifiki sahani ya wali nyama. Nani basi amlipe mtu wa Mbagala kutazama trela? Ilitoka kwenye elfu hamsini ya aliyefuata. Wakubwa wa Mabibo wanaujua mchezo huu, wao waliuita kupanda mbegu. Hiyo ni DECI, serikali ikaisimamisha 2009, vigogo wake wakapandishwa Kisutu. Mwanzoni mwa 2025 ikaja LBL, polisi wakakamata watu tena. Mbegu imekuwa trela, basi.

Ya huyu dada ilikufa kidogo kidogo. Kwanza "mfumo unaboreshwa". Kisha ili utoe hela yako ulipe kwanza "kodi", na watatu wakalipa. Kisha grupu likafungwa, admin peke yake ndiye anaweza kuandika, na admin kimya.

Kitu kilichowapumbaza kabisa ni cheti cha BRELA. Kilitumwa kwenye grupu, kina muhuri, kila mtu akatulia. Hata kama kingekuwa halali, BRELA inasajili kampuni tu. Kukusanya amana za watu ni mpaka leseni ya BoT, na mambo ya hisa na mifuko ya uwekezaji ni CMSA. Kupiga simu kuuliza hakuna aliyepiga. Nani aulize wakati mweka hazina kashatoa hela yake?

Halafu wakaja wa awamu ya pili. Mkaka mwenye sauti ya kiofisi akapiga, eti ni kitengo cha kurudisha fedha, anataka elfu thelathini ya kufungua faili. Namba yako wanayo, na wanajua una uchungu. Huyo dada hakumpa kitu. Namba yake akaipeleka TCRA kwa meseji ya 15040, kisha akabonyeza *106# kuangalia kama kuna laini nyingine imesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Jumapili kikoba kilikaa. Wawili walitaka mashine yake ya kukaushia nywele ichukuliwe. Mama wa vitumbua akakataa, akasema huyu naye kaibiwa. Mwisho dada akakubali kurudisha elfu kumi kila wiki, na ufunguo wa sanduku akaukabidhi. Hakuna aliyemwomba. Aliuweka tu mezani, watu wakaangalia pembeni.

Wiki iliyopita kaletewa linki mpya, safari hii unalipwa kwa kulaiki video. Aliyeituma ni mmojawapo wa wale kumi na mmoja. Anataka tu, anasema, kuirudisha ile hela yake ya kwanza.