Kelele ndani ya kompyuta: ipi ya kuogopa?

Leo tuweke programu kando, tushike bisibisi.

Hapa Kona ya Musa nina jirani mpiga picha. Pasipoti, harusi, maulidi: kazi ya miaka 9 yote imo ndani ya kompyuta moja ya mezani. Wiki jana aliniita: "Mwanangu, mashine yangu inanguruma. Ukija, njoo na feni mpya."

Kweli ilikuwa inanguruma. Lakini kabla hujanunua chochote, tenga sauti kwanza. Ndani ya kasha vinavyozunguka ni feni na diski ngumu, na kila kimoja kina sauti yake.

Feni iliyojaa vumbi hutetemeka. Beringi ikikauka mafuta hukwaruza. Huku pwani vumbi la barabara hukutana na unyevu wa bahari, likagandamana kwenye mapanga mpaka feni ikawa nzito upande mmoja. Ukisikia mluzi mwembamba unaobadilika kila prosesa inapopata kazi, hizo ni koili za umeme. Unaudhi, ila hauharibu kitu.

Diski nzima yenye mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na mvumo wake ni mmoja tu. Ikianza kugonga, tak... tak... kimya... tak, hiyo ni habari nyingine. Kichwa kinachosoma huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Kikishindwa kupata njia yake, mkono hurudi mwanzo ukajaribu tena, na kila ukirudi hugonga.

Nilizima mashine, nikachomoa waya wa feni ya kasha (ya prosesa usiiguse), nikawasha. Ngurumo ikaisha. Nikaweka ncha ya mwiko wa mbao juu ya diski, sikio kwenye mpini. Tak... tak. Feni ilikuwa imeifunika sauti hii siku zote.

"Mzee, feni itangoja. Diski inakufa."

Akanyamaza kidogo. "Na harusi za watu?"

Niliendesha smartctl. Mstari wa 197, unaohesabu sekta zilizogoma kusomeka, ulitakiwa uwe 0, ulisoma 312. Tukazima hapo hapo, kwa sababu diski ya namna hii inaweza kujiumiza zaidi kila inapozunguka. Nikaihamishia kwenye mashine yangu yenye betri ya akiba, stima isije ikapotea katikati, nikaanza kunakili:

ddrescue -d /dev/sdb picha.img picha.map

Uzuri wa ddrescue ni kwamba huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, zilizo sugu huziachia mwisho.

Ilichukua saa 19. Karibu picha zote zilitoka. Harusi moja ya Msambweni ilitoka nusu, na Mzee ndiye atakayewapelekea wenyewe habari hiyo. Feni nayo tuliibadilisha siku iliyofuata, kazi ya dakika kumi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mashine ikinguruma, nyamazisha feni usikie kilicho chini yake. Ukisikia mgongo, usiwashe na kuzima ukijaribu bahati, nakili kwanza. Na wenye SSD msicheke: yenu haina kinachozunguka, ikifa hufa kimya kimya. Nakala ya pili mnayo?