Asumini ya Mama Katika Mkebe wa Rangi

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sibishani nao, lakini yangu mimi ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 400, kutoka Machakos hadi Mombasa, na niliitembea miezi miwili mizima bila ya kukamatwa. Chanzo chake kilikuwa ua. Usicheke, msomaji mpendwa. Soma kwanza.

Nililelewa Mombasa, mtaa wa Kisauni, katika nyumba ya kupanga yenye kibaraza cha hatua tatu hivi. Hatukuwa na shamba wala kiwanja, lakini maua tulikuwa nayo. Mama alipanda katika kila kitu chenye tumbo: mikebe ya Kimbo, ndoo zilizopasuka, sufuria iliyotoboka, hata beseni nililoogeshewa nikiwa mtoto mchanga. Kulikuwa na krotoni yenye majani ya manjano na mekundu, bogonvilia ya zambarau iliyopanda nguzo, na vinka, lile ua dogo la petali tano ambalo asili yake ni Madagaska. Juu ya yote kulikuwa na asumini. Hiyo ilikaa katika mkebe wa rangi ya nyumba wa lita 4, karibu kabisa na mlango.

Asumini Mama alipewa na jirani yetu, mama mmoja Mswahili wa hapo hapo tuliyezoea kumwita Bibi. Bibi alitunga vikuba vya asumini na rehani, akawauzia wenye harusi. Ndiye aliyemfundisha Mama kwamba asumini huchumwa jioni zingali vifumba, kwa maana hufunguka usiku na ndipo zinaponukia. Mama ni Mkamba, amekulia mahali ambapo mmea usioliwa na mtu wala mbuzi huitwa gugu, lakini harufu ile ilimteka. Akirudi kazini hotelini amechoka tiki, alikuwa akikaa barazani miguu ameinyoosha, kifumba kimoja amekitia kiganjani, hasemi na mtu.

Mwaka jana mwezi wa Januari, nikiwa naingia kidato cha pili, aliniambia nihamie kwa Susu (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya) huku Machakos. Karo ya shule ya kutwa ni nafuu, alisema, na kazi ya hoteli ilikuwa imeanza kuyumba. Akanipa sanduku langu la bati na mikebe miwili, mmoja wa asumini na mmoja wa vinka.

"Hizi ni macho yangu huko," akasema. "Zitunze."

Tulisafiri usiku. Utingo alitaka nilipie maua nauli, abiria wakamzomea, nami nikaipakata mikebe ile hadi miguu ikafa ganzi. Saa kumi na moja alfajiri nilishuka Kyumvi, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara ya Mombasa. Baridi iliyonipokea sikuwahi kuiona. Nilikuwa na fulana tu! Nikavua kitambaa cha kichwani nikaifunika asumini.

Baadaye Mwalimu wa Jiografia alitufunza kwamba kila upandapo mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Mji wa Machakos uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Nikapiga hesabu pale pale dawatini: asumini yangu ilipanda basi ikashuka ikiwa imepokonywa digrii kama 10. Hata mtu angelia.

Susu anakaa upande wa Mutituni. Naye, kumbe, alikuwa na maua yake. Ukutani pa jikoni alikuwa amepanga mikebe ya Kasuku na Kimbo kama askari wa gwaride, ndani yake jerania nyekundu za kuwaka moto. Kwenye tairi kuukuu alikuwa na shubiri, ambayo huchanua rangi ya chungwa wakati wa kiangazi mimea mingine ikiwa imenyauka, na katika sufuria pana alikuwa na waridi la jangwani, ua la waridi lenye shina nene kama mguu wa tembo. Hilo alitukataza kulivunja kwa sababu utomvu wake ni sumu. Niseme ukweli, niliyadharau. Jerania nilipoyafikicha majani yake yalinuka vibaya puani mwangu. Nikaweka mikebe yangu mbele ya yake, kama mgeni anayeketi kwenye kiti cha baba mwenye nyumba.

Mvua ya Machi hadi Mei ilinipa kichwa. Vinka ikachanua, asumini ikatoa vifumba saba. Nilimpigia Mama kwa simu ya Susu ya mulika mwizi nikamhesabia kimoja kimoja, naye akacheka hadi nikasikia Bibi akiuliza kuna nini.

Halafu mvua ikakatika, na ugomvi ukaanza. Kwetu maji ya mfereji huja yakitaka, na yasipokuja mtungi wa lita 20 ni shilingi 20, au utembee mwenyewe. Mimi nilikuwa nikinyunyiza asubuhi na jioni kama nilivyomwona Mama akifanya Kisauni, ambako jua na upepo wa bahari hukausha mkebe kabla ya adhuhuri. Jioni moja Susu alitaka maji ya kuinjikia isyo, akakuta mtungi mtupu.

"Maji yako wapi?"

Sikujibu. Aliitazama mikebe yangu ikichuruzika.

"Kwa hiyo leo tutakula maua," akasema, akaingia ndani. Tulilala na chai iliyobaki kwenye thamosi. Afadhali angenichapa.

Siku iliyofuata alinionyesha bila ya hasira jinsi anavyofanya. Yeye hamwagii ua kwa saa wala kwa mazoea. Hutia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu ndipo hutia maji, tena yale ya kusuuzia mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi. Mkebe mdogo huutumbukiza ndani ya mkebe mkubwa na kujaza mchanga wa mtoni katikati, ili jua lisiichome mizizi kupitia bati. Udongo wetu mwekundu ukiachwa peke yake mkebeni hushikana kama tofali, hivyo huuchanganya na mchanga na mbolea ya mbuzi iliyooza sawasawa, kisha hufunika juu kwa nyasi kavu. Nami nilimsikiliza kwa sikio moja. Nilijiambia, huyu anajua jerania, asumini ataijulia wapi?

Juni ikaingia. Wenyeji wa Machakos mnaijua: asubuhi vilima vya Iveti havionekani kwa ukungu, jua linachungulia saa sita likitaka. Mimi niliendelea na maji yangu ya jioni, niliyoyachota mwenyewe ili nisigombane na mtu. Sikujua kwamba udongo uliolowa usiku wa baridi ni kama kulala na nguo mbichi. Vinka ilianza kuwa nyeusi shinani, ikaanguka kwa siku nne. Asumini ikageuka manjano. Nikaiongezea maji. Majani yakadondoka moja moja mpaka kikabaki kijiti kilichosimama katika mkebe wa rangi kama fimbo ya mchungaji.

Mama alipiga Jumapili.

"Asumini yangu hujambo?"

Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyelia au mwenye mafua. Nikafungua kinywa niseme kweli. Yaliyotoka ni haya: "Haijambo Mama. Imechanua."

"Ngapi?"

"Tisa."

"Tisa!" akasema, na sauti ikanenepa.

Basi, ningeachia wapi? Jumapili iliyofuata zikawa kumi na mbili. Nikamwambia hata mwalimu ameomba kipandikizi. Susu alikuwa akichambua mboga karibu nami, akisikia kila neno, wala hakuinua macho. Kijiti nilikwisha kukificha nyuma ya jiko.

Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Mama alitokea bila ya kutuarifu. Nilimwona akipanda kijia na mfuko mmoja tu, amekonda. Moyo ulinipasuka kwa furaha, na papo hapo ukanidondoka tumboni. Kabla hajaketi aliuliza, "Iko wapi nikainuse?"

Nilimpeleka nyuma ya jiko. Sikuwa na budi. Nilisimama nikiangalia vidole vyangu vya miguu, nikasubiri.

Mama alichutama. Akakishika kijiti, akakikwaruza kwa ukucha karibu na udongo. Chini ya ganda kavu palikuwa na rangi ya kijani, nyembamba kama uzi.

"Haijafa," akasema. "Imelala. Umeinywesha mno." Kisha, bila ya kunitazama: "Na mimi nilikuwa nakwambia niko kazini."

Ndipo aliponieleza. Hoteli ilikuwa imempunguza kazi tangu Machi. Kile kibaraza hakikuwapo tena. Alikuwa amehamia chumba kimoja cha ndani kisicho na hata dirisha la kuwekea mkebe, na maua yote alimwachia Bibi. Alikuwa akifulia watu nguo. Siku ile nilipomsikia na sauti nyembamba alikuwa ametoka kufua tangu alfajiri akanyimwa malipo. "Nilipiga ili nisikie habari ya ua," akasema. Nililia sana, naye akanifuta kwa kanga iliyonuka sabuni. Susu alitukuta hapo akatuambia chai inapoa.

Kijiti tulikikata nusu, tukakihamishia mchanga na samadi, tukakiegemeza ukuta wa jikoni upande moto wa jiko unapopita. Maji mara moja kwa wiki, asubuhi. Mvua ya vuli ilipokuja Oktoba kilitoa majani mawili, madogo kama masikio ya panya. Hadi Februari mwaka huu kilikuwa na maua manne. Manne ya kweli, Susu ni shahidi.

Mama alikaa wiki moja akarudi Mombasa kutafuta. Alipata kazi ya kupika katika shule moja na chumba chenye kidirisha. Siku ile ya kuondoka, Susu alivunja tawi la jerania, akalichomeka katika pakiti ya maziwa iliyojaa udongo, akampa. Mwalimu wa Kilimo aliponisikia nikilisimulia alitikisa kichwa. Jerania, alisema, ni ua la asili ya Afrika Kusini, hustahimili ukame na usiku wa ubaridi, lakini joto la pwani lenye unyevu huozesha shina lake.

Jumapili iliyopita nilimpigia.

"Jerania hujambo?"

"Haijambo kabisa. Imechanua."

Nikanyamaza kidogo.

"Mama, hebu kwaruza shina kwa ukucha."

Alicheka mpaka pesa za simu zikaisha.