Desemba ya Kwetu Olenguruone

Mimi ni kijana wa kidato cha tatu, mzaliwa wa papa hapa Olenguruone, na nimeshika kalamu kueleza vile kwetu kulivyo. Binamu zangu walioko Nakuru hunicheka kila tukikutana. Tangu mji wao ufanywe jiji tarehe 1 Desemba 2021 wamekuwa na maringo kama tausi. Eti huku kwetu baridi ni kali mpaka kuku huvaa sweta! Mimi huwaambia waje wajionee. Kuona ni kuamini, au vipi?

Anayetaka kuijua Olenguruone na aamke saa kumi na moja alfajiri. Sisi wanafunzi wa kutwa twaijua saa hiyo sana. Ukungu huwa umetanda kama maziwa yaliyomwagika, na hata mkono wako mwenyewe huuoni vizuri. Watu huwajui kwa sura bali kwa sauti, au kwa mlio wa gambuti zao kwenye matope. "Chamgei!" inatoka ndani ya ukungu. Nawe waitikia, "Chamgei mising!" kabla hujajua ni nani. Njia yangu yapita katikati ya majani chai, na umande wake hunilowesha suruali mpaka magotini. Siku moja mwalimu wa zamu aliniuliza kama nilikuwa nimevuka mto kwa kuogelea. Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka pia ingawa meno yalikuwa yakigongana.

Lakini subirini mpaka saa tatu. Jua likichomoza, ukungu huinuka polepole kama mtu anayekunja mkeka, na hapo ndipo mtu husahau baridi yote. Chai imeenea kijani kibichi bondeni na mlimani. Kando ya msitu kuna ule ukanda wa chai ya Nyayo, ambayo ilianzishwa mwaka wa 1986 ili kuulinda msitu usiendelee kuingiliwa. Nyuma yake ni msitu wa Mau wenyewe, mweusi tii. Mito ya Amala na Nyangores huanzia katika milima hii ya Mau. Huko chini hukutana ikawa Mto Mara, ukapita kwa nyumbu wanaotazamwa na watalii, ukaingia Tanzania na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Watalii hulipa pesa nyingi kwenda Mara, na hakuna hata mmoja anayekuja kutuuliza maji yanatoka wapi!

Masika yakianza mwezi wa Machi, ni matope. Sitayasema sana kwani kila mmoja wetu ameshaanguka. Julai ni baridi na mvua ya mawe, ambayo huyachanachana majani chai mpaka mkulima hana la kuchuma. Siku za soko ndizo hunipendeza: magunia ya viazi aina ya shangi yamefurika kama vichuguu, minji, kabeji kubwa kama vichwa vya ndama, na makuli wakipiga kelele huku wakipakia malori ya Nairobi. Zamani, asema Kogo, yaani nyanya mzaa baba, mashamba haya yalikuwa meupe kwa maua ya pareto. Malipo yalipochelewa mwaka baada ya mwaka, watu waliing'oa wakapanda viazi.

Huyo Kogo ndiye bingwa wa mursik. Huchukua kibuyu, ambacho sisi twaita sotet, akakisugua ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet mpaka kiwe cheusi, kisha akatia maziwa na kuyaacha siku kadhaa. Mama yangu ni Mkikuyu. Alipoolewa hapa hakujua hata kukishika kibuyu, lakini siku hizi shangazi zangu wakija huonja mursik wake wakanyamaza kimya. Kogo akiona hivyo hutabasamu peke yake pale motoni.

Sasa nije kwenye Desemba, maana hiyo ndiyo niliyotaka kuisimulia tangu mwanzo. Mvua imepungua, jua linawaka, shule zimefungwa, walioko mijini wanarudi na mikate na sukari. Wavulana wanakwenda jandoni. Mimi nilikwenda Desemba ile nilipomaliza kidato cha kwanza. Ya huko hayasemwi gazetini, na walimu waliopitia huko wanaelewa. Nitasema tu kwamba siku ya kutoka, nyimbo zilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, nao jamaa zangu walijaa uani tele kama siafu. Upande wa baba walikuwapo wote. Upande wa mama alikuja mjomba mmoja tu. Guka, yaani babu mzaa mama, hakuja. Alituma blanketi.

Nilikasirika. Nilimwuliza Mama, "Kwani Guka hanipendi?" Mama hakujibu, akaenda kuchanja kuni, na kuni zilikuwapo za kutosha. Hapo nilikumbuka kwamba kila Desemba, wakati sisi tunaimba, Mama huwa mkimya kama maji ya mtungini. Nilikuwa naliona jambo hilo tangu utotoni bila kuliuliza.

Kogo ndiye aliyenieleza. Mwaka wa 1941 serikali ya wakoloni iliwaleta Wakikuyu hapa Olenguruone, wengi wao wakiwa wameondolewa sehemu nyingine. Kisha ikawawekea masharti ya jinsi ya kulima na kurithi ardhi. Wao wakakataa, wakisema shamba ni lao. Walikula kiapo cha kusimama pamoja. Kufikia mwaka wa 1950 walikuwa wamefukuzwa, mimea yao ikiharibiwa, na wengine wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Guka alikuwa mtoto mdogo aliyebebwa mgongoni. Uhuru ulipopatikana, akakua, akatafuta pesa, akarudi kununua shamba mteremko ule ule ambao mamake alikuwa akiuzungumzia. Mwaka wa 1992 palipozuka vita vya kikabila alikimbilia Molo, akarudi tena. Mwishoni mwa Desemba 2007, baada ya uchaguzi, nyumba yake ilichomwa. Baba yangu ndiye aliyewasindikiza usiku, yeye na mkewe, mpaka barabarani penye lori. Waliochoma walikuwa watu wa rika la Baba. Kogo alisema hivyo akitazama moto, wala hakunitajia jina la mtu. Guka aliliuza lile shamba, na tangu hapo hajakanyaga Olenguruone. Mimi nilizaliwa baadaye.

Ndugu wasomaji, nawaambia ukweli, kwa siku kadhaa sikuweza kuutazama ule mteremko. Nilikuwa nikiupita kila siku nikienda shule! Nilikuwa nikiusifu kwa binamu zangu!

Desemba iliyopita nilimwambia Mama twende. Alinitazama kwa muda, kisha akavaa kabuti lake, akafunga kitambaa cha kichwa, tukatoka bila kumwambia mtu. Huko tulimkuta mama mzee akianika mahindi uani. Mama alimwamkia kwa Kikalenjin kilichonyooka, naye akaitikia kwa uchangamfu, lakini alipoambiwa sisi ni wa nani aliuacha ungo chini. Tulisimama hivyo. Hata mbwa alinyamaza. Mimi nilikuwa nikihesabu hatua za kufika langoni.

"Ule mti," yule mama mzee akasema mwishowe, "nimekuwa nikijiuliza kila mwaka aliyeupanda ni nani."

Ulikuwa mplamu, nyuma ya mahali nyumba ilipokuwa, umezaa mpaka matawi yamegusa ardhi. Mawe ya msingi bado yalikuwapo, yameota nyasi. Mama aliyahesabu kwa mguu: hapa jikoni, hapa chumba cha wasichana, hapa mlango. Hakulia. Yule mama mzee alileta ndoo, akaanza kuchuma, na sisi tukachuma pamoja naye. Alituuliza kama Guka angali na afya. Alisema wao walinunua kwa pesa halali. Mama akasema anajua. Halafu wakazungumza juu ya bei ya viazi, kama vile wanawake wa huku huzungumza wakikutana sokoni, na tulipoondoka alitusindikiza mpaka barabarani.

Kesho yake tulipanda matatu hadi Molo, kisha nyingine hadi Nakuru, ndoo ikiwa mapajani pangu. Njiani kondakta alitaka kuipandisha juu ya gari nikakataa katakata. Guka tulimkuta ameketi mlangoni kwake, amevaa kofia ya sufu ingawa Nakuru kuna joto. Mama aliiweka ndoo miguuni pake akasema ilikotoka. Mzee hakusema kitu. Aliokota plamu moja, akaifuta kwa shati, akaipindua pindua kama mtu anayekagua sarafu. Akauma. Alifumba macho kwa muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Chachu," akasema.

Mama alishtuka. "Baba?"

"Ni chachu! Nani aliwaambia mchume Desemba?" Alikuwa akitikisa kichwa, lakini mdomo wake ulikuwa ukicheka. "Za kwetu haziivi mpaka Januari."

Kisha akanituma nilete gazeti la zamani, akalitandaza dirishani penye jua, na tukaanza kuzipanga moja moja ili ziive.