Kura na Ulimi wa Chuki

Wengi wetu hapa Pwani tuna jamaa Uingereza. Tuliposikia, tarehe 24 Juni 2016, kwamba asilimia 52 ya waliopiga kura wameamua nchi ile ijitoe katika Umoja wa Ulaya, tulidhani ni mambo ya biashara na mipaka tu. Siku chache baadaye simu zikaleta habari nyingine: mabinti zetu wenye hijabu waambiwa barabarani warudi kwao, ilhali wengine wamezaliwa huko huko.

Je, kura yaweza kuzaa chuki? Takwimu za serikali yao zaonyesha kwamba makosa ya ubaguzi wa rangi na dini yaliyoandikishwa na polisi wa England na Wales mwezi Julai 2016 yalizidi ya Julai 2015 kwa asilimia 41. Mwezi uliofuata yalipungua, lakini hayakurudi pale yalipokuwa kabla ya kura. Hatuamini kwamba mtu alilala mwema akaamka mbaguzi. Chuki ilikuwamo moyoni; matokeo ya kura yalimfanya mwenye nayo adhani taifa zima limempa ruhusa ya kuitamka.

Nasi tusijitoe katika hesabu hiyo. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, majirani zetu wa Likoni walioitwa watu wa bara walivamiwa, wakauawa, vibanda na nyumba zao zikachomwa. Maelfu walikimbia. Kule chuki ilifoka baada ya kura, kwetu ilitangulia. Katika hali zote mbili, maneno yalitembea kwanza, mikono ikafuata.

Maneno hayo hayaanzii jukwaani pekee. Mwanasiasa hupanda penye udongo uliokwisha kulimwa, na udongo huo ni barazani kwetu na jikoni mwetu, tunapomtaja jirani kwa kabila lake badala ya jina lake, watoto wakisikia. Sura ya Al-Hujurat yatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Amri hiyo haina likizo wakati wa kampeni.

Mama na baba, kila baada ya miaka 5 twaitwa kwenye sanduku la kura. Kulinda ulimi ni wajibu wa kila siku. Tunaloomba wanetu watendewe ugenini, na tulitende hapa kwetu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.