Laptopu: ninunue nyingine au nivumilie hii?

Haya wasomaji, hili swali limenisumbua wiki nzima. Yangu ni ThinkPad T450 ya 2015. Bado inafanya kazi, ila nikifungua Android Studio pamoja na emuleta, feni inavuma kama kinu cha unga.

Kuongeza RAM ni rahisi, inafika GB 16, na kwa kazi hiyo zinatosha. Shida ni Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali prosesa ya Intel ya kizazi cha tano kama hii. Linux ingeniokoa, lakini mteja anayenilipia karo ya watoto anataka programu ya Windows.

Basi nimeamua: T480 ya 2018, mtumba wa ex-UK, kutoka Nairobi. Prosesa ni kizazi cha nane, RAM ina nafasi mbili, na betri ni mbili: ya nje unaibadilisha bila kuzima mashine. Hapa Theta stima ikipotea, hilo si jambo dogo. T490 ya 2019 ni nyembamba zaidi, lakini sehemu ya RAM imechomelewa kwenye ubao na betri ya nje haipo.

Ukienda dukani, kabla ya kutoa pesa andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na wa sasa. Ingia BIOS pia, uhakikishe haijafungwa kwa nywila.

T450 haitupwi. Naiwekea Ubuntu, mdogo wangu ajifunzie.