Msafiri Asiye na Jibu

Katika hadithi zetu za jadi, msafiri huondoka kwao, hufika nchi asiyoijua, hukutana na zimwi au kikongwe, kisha hurejea na mali au hekima. Marehemu Shaaban Robert aliifuata njia hiyo katika Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951. Nchi yake imeelea angani. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, na kila mmoja anarudi na jambo la kuwafaa watu wake. Malipo yake ni kifungo. Hapo msafiri angali na jibu. Walio nyumbani ndio wanaokataa kulisikia.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliisogeza safari hiyo mbele zaidi. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba vyote viwili, msimulizi huzunguka katika nchi ngeni ambamo wakati hauendi kama tuujuavyo, na wanafalsafa waliokufa zamani huonekana wakinena. Njia humpoteza, na kila anapodhani amefika, huzuka swali jingine.

Wako walimu wanaolalamika kwamba vitabu hivi havina funzo, tena vimeiga mawazo ya ugenini. Sikubaliani nao. Katika utumishi wangu serikalini nimehamishwa mara nne. Kila nilipofika kituo kipya nilikuwa na barua iliyotaja jina langu, cheo na mshahara. Lakini usiku wa kwanza, ndani ya nyumba nisiyoizoea, nikiwasikia majirani wakizungumza lugha nisiyoielewa, barua ile haikuweza kuniambia mimi ni nani pasipo watu wanijuao. Swali hilo sikulitoa kitabuni. Linamngoja kila aliyepata kuondoka kwao, awe mtumishi, mwanafunzi wa bweni au kijana aendaye mjini kutafuta kazi.

Basi, ndugu walimu, tusianze somo kwa kuuliza hadithi inafundisha nini. Tuwaulize vijana kwanza: Msafiri huyu yuko wapi? Ameacha nini nyuma? Kwa nini harudi? Wengi wao watajibu kwa mambo waliyoyaona wenyewe, na hapo ndipo kitabu kitakapoanza kusomeka. Utamaduni unaowasimulia vijana habari za waliofika tu, huwaacha wale waliopotea wadhani kwamba wako peke yao.