Kikokotoo Kilichotoa Sifuri

Kila mwaka ninapopangiwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza misingi ya kuandika programu, swali la kwanza hutoka kwa wenzangu idarani, si kwa wanafunzi: kwa nini lugha ya C? Lugha hiyo ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitabu chake maarufu, alichokiandika pamoja na Brian Kernighan, kilichapishwa mwaka 1978. Kwa umri, C ni rika la maofisa ambao majina yao yamekwisha kuingizwa katika orodha ya wastaafu watarajiwa. Zipo lugha changa, nyepesi kwa ulimi, ambazo humfichia mwanafunzi mambo mengi ili asikate tamaa. Mimi naichagua C kwa sababu haimfichii. Ukiiambia ijumlishe, itajumlisha. Ukiiambia itupe kitu, itatupa, wala haitakuuliza kama una hakika.

Mifano ya vitabuni huwa ya kuchosha: badilisha nyuzi za joto kutoka kipimo hiki kwenda kile, tafuta eneo la duara. Muhula huu nimeiacha yote. Nimewapa wanafunzi kikokotoo cha mafao ya pensheni.

Msomaji uliye mtumishi wa umma huhitaji kuelezwa neno hilo. Lilikuwa jina la mashine ndogo ya hesabu; tangu mwaka 2018 limekuwa jina la hofu. Kanuni za mwaka huo zilitaka mstaafu apewe asilimia 25 tu ya mafao yake kwa mkupuo, na Desemba ya mwaka uleule Rais Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikaja kanuni nyingine, ya asilimia 33, na mwaka 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi 40. Watu wameijadili katika daladala, misikitini, makanisani na bungeni. Hata hivyo, ni wachache niliokutana nao waliowahi kukaa chini na kuipiga hesabu yenyewe kwa mkono wao.

Nayo haina ugumu. Chukua 1/580, zidisha kwa idadi ya miezi mtumishi aliyochangia, zidisha kwa wastani wa mshahara wake wa mwaka, zidisha kwa 12.5, kisha uchukue asilimia ya mkupuo. Mtu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, na mwenye wastani wa shilingi 12,000,000 kwa mwaka, atapata kwa asilimia 33 mkupuo wa shilingi 30,724,138 hivi. Kwa asilimia 40 atapata 37,241,379. Mwanafunzi wa darasa la saba huiweza hesabu hiyo, akipewa karatasi na muda.

Basi wanafunzi wangu wakaiandika kama walivyoiona ubaoni: 1/580, mara miezi, mara mshahara, na kuendelea. Kompaila haikulalamika. Programu ikaenda. Jibu likatokea kwenye kioo: sifuri.

Darasa zima likacheka, kisha likanyamaza. Zaidi ya nusu walikuwa na sifuri hiyo hiyo, na kila mmoja akaanza kutafuta kosa la tahajia. Hapakuwa na kosa la tahajia. Katika C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu ni namba kamili. Sehemu inayobaki hutupwa. Moja ukigawa kwa 580 hupati hata moja, kwa hiyo unapata sifuri, na sifuri ikizidishwa kwa miaka 30 ya utumishi hubaki sifuri.

Hapa lugha ya kufundishia ilifanya kazi ambayo sikuipanga. Kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya mihadhara yetu, wanafunzi hukariri kanuni hii na kuiandika vizuri katika mtihani. Mtihani wenyewe, ajabu, mara nyingi ni wa karatasi na kalamu, kana kwamba tunafundisha kuogelea kwa barua. Siku hiyo nilisema kwa Kiswahili: mabaki yanatupwa. Neno mabaki walilijua tangu shule ya msingi, walipofundishwa kugawanya kwa Kiswahili na mwalimu aliyewaambia kuwa asiyeandika mabaki hajamaliza swali. Binti mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Mwalimu, nani kasema yatupwe?"

Swali hilo nililiandika ubaoni na nikaliacha hapo hadi mwisho wa kipindi. Jibu la kiufundi ni fupi: waliobuni lugha waliamua hivyo, kwa sababu mashine hugawanya namba kamili kwa haraka, na wakamwachia mwandishi wa programu jukumu la kusema anapotaka desimali. Andika 1.0 mahali pa 1 na tatizo linakwisha. Lakini yule binti hakuwa akiuliza kuhusu desimali peke yake, na darasa lilimwelewa.

Baadhi yao walijaribu njia nyingine. Tukianza na kuzidisha, walisema, mabaki hayatapotea mapema. Wazo zuri. Wakazidisha miezi 360 kwa 12,000,000, ndipo wakagawa kwa 580. Safari hii mkupuo ukatoka shilingi 178,030 na senti kadhaa. Hakuna aliyecheka. Wawili waliinua mikono kuniambia wamemaliza.

Zao la kuzidisha kule ni 4,320,000,000, na kigeu cha namba kamili cha aina ya int, katika kompyuta za maabara yetu, hakibebi zaidi ya 2,147,483,647. Kilichozidi kilimwagika kama maji ya ndoo iliyojaa, na kikabaki kiasi kidogo ambacho programu iliendelea kukigawa na kukizidisha kwa utiifu kamili. Kanuni za C hazitoi ahadi yoyote kuhusu kitakachotokea namba ikizidi chombo chake; mashine nyingine ingeweza kutoa jibu jingine kabisa. Wala kuandika 580.0 hakusaidii hapo, maana mmwagiko umetokea kabla ya kugawa.

Nisieleweke vibaya: sidai kwamba mfumo wowote wa mafao nchini una kasoro hii. Sijauona ndani. Nami nadhani hilo la kutouona ndani ndilo lenye uzito. Sifuri ni kosa lenye adabu, kwa sababu hujitangaza. Shilingi 178,030 hufanana na jibu. Ikichapishwa kwenye karatasi yenye nembo, mstaafu wa kijijini atafunga safari hadi ofisini, na dirishani ataambiwa sentensi ambayo sote tumekwisha kuisikia: "Mama, mfumo ndivyo unavyosoma." Anayeitamka si mwongo. Naye amekabidhiwa kioo, hakukabidhiwa hesabu.

Nchi yetu iliwahi kuogopa mashine hizi waziwazi. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Hazina kuvurugika zilipohamishiwa kwenye kompyuta, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Vijana hulisikia hilo kama kichekesho. Marufuku ile ilituchelewesha, sina ubishi, lakini waliotunga amri walikuwa angalau wamelinganisha daftari na mashine na kukuta havipatani. Leo daftari halipo, na ofisi nyingi hazina tena cha kulinganisha nacho.

Kwa sababu hiyo zoezi la mwisho la muhula halitolewi alama kwa jibu peke yake. Programu lazima ichapishe kila hatua kwa Kiswahili: miezi mingapi, wastani kiasi gani, imegawanywa kwa nini, asilimia ipi imechukuliwa, na mabaki yamekwenda wapi. Lazima pia ikatae kuendelea iwapo namba imezidi chombo chake, na iseme kwa maneno kwamba imekataa. Wanafunzi wanne wameomba kutumia takwimu halisi za wazazi wao, na nimekubali kwa sharti kwamba mzazi aridhie na majina yasiandikwe. Yule binti wa viti vya nyuma mama yake ni mwalimu wa shule ya msingi, anastaafu mwakani. Tayari amenitumia toleo la kwanza. Halijakamilika, mstari wa asilimia bado una 33 mahali pa 40. Nimemrudishia bila kulisahihisha, kwa ombi moja: aketi na mama yake, waipitie karatasi hiyo mstari kwa mstari, na mama ndiye autafute ulipokosewa.